Risasi ya Mama Kipimo

Jioni ile Mama Kipimo alifunga kituo cha kukusanyia maziwa kama alivyokifunga siku zote. Alisuuza madebe ya alumini kwa maji ya moto, akayapindua juu ya chanja yachuruzike, akafuta tangi la kupozea, kisha akakikausha kile kidude cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kueleza kama yametiwa maji. Akakiviringisha kwenye kitambaa na kukitia mfukoni. Kidude hicho ndicho kilichompa jina. Wafugaji wa bonde zima walijua kwamba mbele yake hakuna undugu wala ujirani. Maziwa yakiwa mepesi yanarudi na mwenyewe, awe shemeji, awe nani. "Ng'ombe wako kanywa mto mzima," angesema, na foleni yote ingecheka isipokuwa mwenye ng'ombe.

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeshaanza kukaa kwenye pembe za ua. Alizunguka nyuma ya nyumba, maana viatu vyake vya mpira vilikuwa na tope, akaingiza ufunguo kwenye mlango wa jikoni, akaufungua. Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi kwa sababu ndiye aliyetengeneza pampu zote za maji za pale, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kulia chakula, ameuelekea mlango, bunduki juu ya mapaja. Akaiinua, akafyatua.

Mlio ulikuwa mlio wa kawaida wa bunduki. Kuku walitawanyika. Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza. Ila risasi haikufika. Ilitoka kwenye mdomo wa mtutu, ikakaa hewani usawa wa kifua, kisha ikaanza kumjia mama mwenye nyumba polepole, kwa mwendo wa kinyonga anayevuka barabara.

"Nilidhani mwizi," alisema Fundi.

"Mwizi mwenye ufunguo?"

"Siku hizi wana funguo."

Mama Kipimo aliitazama. Ilikuwa ndogo, rangi ya shaba, ikijizungusha na kuvuma kama friji kuukuu. Akasogea kushoto, upande wa sinki. Risasi ikageuza pua ikamwelekea. Akasogea kulia, nayo ikageuka. Basi akavua viatu, akazungukia upande wa pili wa meza, akawasha jiko la gesi na kupasha chakula. Alikula amesimama, akihama upande huu na ule, mpaka Fundi akamwomba akae chini atulie, anamtia kizunguzungu.

Bunduki hiyo ilikuwa ngeni mle ndani. Ilikuja kutokana na mkutano. Kabla ya hapo, wezi walivunja nyumba ya yule nesi mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake karibu na daraja. Walimfunga kwa kamba ya pazia, wakachukua televisheni na vitenge vyake, na alipowaambia kwamba ndiye aliyemzalisha mama wa mmoja wao, wakamvunja mkono. Watu walikutana kwenye banda la ushirika, na hapakuwa na aliyekuja kwa mzaha. Kituo cha polisi kilikuwa mbali. Mfugaji mmoja alisema ukimpigia simu afande wakati mlango unavunjwa, atafika kuandika maelezo ya mjukuu wako.

Mwenyekiti alisimama, mikono nyuma. "Mwenye nyumba asipolala na kitu cha moto, atalala na kamba mikononi," alisema. "Mmemwona nesi wetu. Mnataka kesho tumwone nani?"

Nesi alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alinyoosha mkono kukubali, mkono uleule wenye plasta, na hapo banda zima likanyoosha.

Mama Kipimo hakunyoosha. Aliomba nafasi ya kusema. "Mimi naogopa wezi kama nyinyi," alisema. "Usiku upepo ukigusa bati nakaa kitako. Lakini mwizi atakuja siku moja, akija. Bunduki itakuwa ndani kila siku. Itakuwepo siku ya ugomvi, siku ya ulevi, siku mtu amerudi na hasira zake. Hasira za mwenye bunduki atazipima nani?"

"Zipime wewe, si una kipimo!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka kicheko cha kujipa nafuu. Fundi, aliyekaa karibu na mwenyekiti, alikuwa akiangalia dari. Walipofika mlangoni kwao alimwambia mkewe, "Umenivua nguo mbele za watu." Wiki haikuisha, akaja na bunduki, na tangu hapo kila jioni akawa anaifuta kwa mafuta, taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa.

Sasa risasi ilikuwa imetoka, na kazi ya maziwa haingoji mtu. Usiku ule Mama Kipimo alisinzia vipande vipande akiizunguka meza, na asubuhi akaenda zake kituoni. Risasi ilitoka kwa kupitia ukuta wa jikoni. Matofali ya ukuta ule waliyafyatua wote wawili, yeye na mumewe, mwaka waliooana. Ilitafuna tofali kama mchwa, vumbi jekundu likidondokea kwenye sufuria, ikatokea uani na kuifuata barabara. Ilifika kituoni jua limeshapanda, foleni bado ndefu.

"Pisheni risasi," alisema mzee aliyekuwa nyuma. Watu wakapisha. Mmoja aliinua debe lake juu ili lisitobolewe. Mama Kipimo alimaliza kupima maziwa aliyokuwa akiyapima, akasema ni mazuri, akahamia upande wa pili wa tangi na kuita anayefuata. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi siku ile na siku zilizofuata. Asubuhi foleni ilipangwa upande wa mashariki, ikikaribia mchana inageuzwa.

Watu walijaribu kumsaidia, isije ikasemwa kwamba hawakujaribu. Walitundika magunia ya mchanga njiani. Ikapita, mchanga ukamwagika. Waliifunika kwa chungu, chungu kikapasuka. Fundi mwenyewe, ambaye kila alipoulizwa alisema ni ajali na kwamba roho inamuuma, alileta kipande cha bomba la chuma na kukishika mbele yake kwa koleo. Chuma kilipata moto mpaka akakiachia. Risasi ilikipenya kama sindano inavyopenya kitambaa, ikaendelea.

Afande alikuja kwa pikipiki. Aliitazama risasi ikivuka uwanja wa ushirika, akavua kofia, akajikuna.

"Mama, mimi nakuelewa," alisema. "Lakini kosa halijakamilika. Hapa sina majeruhi, sina maiti, sina hata mchubuko. Ikifika, njoo uripoti."

"Ikifika nitakujaje?"

Afande alifikiri. "Basi mtume mtu," alisema, akapiga stata.

Kulala ndiko kulikokuwa na taabu. Hakuweza kulala mahali pamoja mpaka kuche. Ilimbidi alale kidogo huku, ahame, alale kidogo kule. Mwanzo majirani walimkaribisha kwa moyo mkunjufu, wakamtandikia kitanda mbali na upande risasi ilikotokea. Lakini kila alikolala paliachwa tundu ukutani, na jingine ukuta wa pili, la kuingilia na la kutokea. Upepo ukaingia, mvua ikaingia. Kuna aliyetobolewa kabati la vyombo, na kuna aliyetobolewa picha ya harusi. Watu wakaanza kusema kwa upole, "Tunakupenda, Mama Kipimo, ila hiyo risasi yako." Hakuna aliyejua ni lini neno hilo lilianza. Mwanzoni ilikuwa risasi ya Fundi. Mvua za mwisho zilipokwisha, ilikuwa risasi ya Mama Kipimo, hata watoto waliiita hivyo.

Palikuwa na walioshangaa kwa nini haondoki. Aliondoka. Alichukua basi mpaka kwa kaka yake, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima, akalala. Alilala usingizi wa mtu aliyezikwa, akaamka na kulala tena. Kaka yake alifurahi kumwona. Kila jioni alimwambia vilevile, kwa mapenzi: "Rudi kwa mumeo mkae mzungumze. Watu wazima hawashindwi na kitu kidogo kama hicho." Wifi yake wa kule alimwekea sabuni mpya na hakumuuliza kitu. Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha pale wapangaji wa nyumba za pembezoni walipoanza kusimulia kwamba kuna kitu kinavuma kwenye mashamba, na kwamba ng'ombe mmoja amekutwa ametobolewa pembe.

Akapanda basi la kurudi. Hakumwonea mtu haya. Kituo kilikuwa chake, kazi ilikuwa yake, na, alijiambia, tangu lini mwenye nyumba akahama akamwachia mwizi?

Njiani, basi liliposimama kupakia mizigo, aliiona dirishani. Ilikuwa juu ya shamba lililokwisha kuvunwa, katikati ya mabua, ikielekea mjini. Basi lilipoanza kwenda ilisita. Kisha ikaanza kugeuka, pole, mpaka pua yake ikalitazama dirisha lake, na ikabaki kulitazama mpaka basi likakata kona. Abiria walikuwa wameiona. Utingo naye aliiona.

"Hiyo ya nani?" aliuliza utingo, kwa sauti ya mtu anayeulizia begi lililosahauliwa.

"Yangu," alisema Mama Kipimo. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na alilisikia likitoka mdomoni mwake kana kwamba limesemwa na abiria wa kiti cha nyuma.

Alifikia kwa wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, aliyekuwa na duka la unga na mafuta ya taa. Alijua ana siku za kupumua kabla mgeni wake hajawasili. Wifi alimpikia uji, akakaa mbele yake akisugua vidole kama mtu mwenye baridi.

"Wifi yangu," alisema, "unamkumbuka mama?"

Mama mkwe alikuwa amekufa miaka mingi. Alikuwa mwanamke mwenye miguu miepesi. Watu walisema anapenda kutembea. Alikuwa akifika kwa mtu, anakaa ukingoni mwa kiti, na chai ikija anakunywa nusu na kuaga. Hata harusini kwa wanawe alisimama mlangoni. Walimtania kwamba siku akifa jeneza litatoka lenyewe liende kuamkia majirani.

"Mimi ndiye niliyemwosha," alisema wifi. "Mgongoni alikuwa na tundu. Dogo hivi. Halina damu. Nikamwambia baba, akasema ni mdudu amemuuma."

"Ukamwambia nani mwingine?"

"Nakwambia wewe."

Uji ukapoa, ukafanya ngozi. Mama Kipimo aliangalia rafu, mifuko ya unga iliyopangwa vizuri, mzani wa duka, kufuli kubwa jipya mlangoni.

"Baba alikuwa na bunduki?" aliuliza.

"Ya kufukuzia nyani," alisema wifi. Akasimama, akachukua bakuli. "Ikifika, wifi, ulale kwingine. Si kwa ubaya. Mara ile ulipolala hapa, unga wote ulimwagika."

Mkutano wa pili uliitwa hapo hapo ushirika, na risasi ikiwa bado njiani Mama Kipimo aliweza kukaa kitini kama watu wengine. Mwenyekiti alikuwa na habari njema. Tangu jambo hili litokee, hakuna nyumba iliyovunjwa. Wezi walikamatwa mji mwingine, na mmoja alisikika akisema kwamba pale bondeni hawaji tena, kuna risasi isiyolala.

"Kwa hiyo hoja yetu ilikuwa sahihi," alisema mwenyekiti. "Na tumeona faida ambayo hatukuitegemea. Mimi na kamati tumefikiri hivi. Dada yetu hapa, kutembea anatembea. Hilo halina mjadala. Basi badala ya kutembea ovyo, atembee kwa mpango. Leo upande wa daraja, kesho upande wa machimbo, keshokutwa kwa wafugaji wa juu. Akipita yeye, risasi inapita. Bonde zima linalindwa."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mtu alipendekeza apewe koti la mvua, likakubaliwa. Mwingine akapendekeza Fundi awe mkuu wa ulinzi, kwa kuwa risasi ilitoka kwake, na hilo pia likakubaliwa. Fundi alisimama, akashukuru kwa kichwa.

Nesi mstaafu aliomba kusema. Plasta ilikuwa imetolewa. Mkono ulikuwa umepona ukiwa umepinda kidogo. "Mimi sitaki kudanganya," alisema. "Siku hizi nalala. Nasikia ikivuma inapita nje, nageukia ukuta, nalala." Alimtazama Mama Kipimo. "Nisamehe, mwanangu. Ila nalala."

Mama Kipimo hakumchukia. Aliukumbuka ule mkono jinsi ulivyokuwa, rangi ya bilingani. Alisimama, na banda likatulia, maana walijua maneno yake huwa mafupi.

"Nina swali moja tu," alisema. "Siku nikichoka?"

Watu wakatazamana. Mwenyekiti alikohoa. "Hilo," alisema, "tutaliingiza kwenye mengineyo." Muda ulikuwa umekwenda, na mengineyo hayakufikiwa.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani. Fundi alikuwa barazani na kitambaa chake cha mafuta. Alimwuliza ameshindaje, na yeye akajibu salama. Mke alikaa kwenye ngazi, mgongo umeegemea nguzo. Ilikuwa muda mrefu hajaegemea kitu.

"Siku ile," alisema, "uliniona?"

"Kulikuwa na giza."

"Najua kulikuwa na giza. Nimekuuliza, uliniona?"

Fundi alisugua mtutu mpaka ncha, akarudia. Hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ile aliyowaelezea wateja kwa nini pampu haivuti. "Niliona mtu anaingia nyumbani kwangu," alisema.

Mama Kipimo aliitikia kwa kichwa. Alikaa pale mpaka taa za majirani zikawaka, kisha akaingia ndani akachukua nguo chache, kanga mbili na sufuria ndogo, akapita mbele ya mumewe na kumuaga. Fundi alimwambia afunge geti vizuri.

Tangu hapo maisha yakapata utaratibu. Mchana alipima maziwa. Jioni alivaa koti la mvua na kushika njia iliyopangwa, naye mgeni akaja nyuma, mbali kidogo, akivuma. Alijifunza kulala vipande vipande, kwenye banda la nyasi, chini ya mwamvuli wa mti, kwenye benchi la ushirika. Alijifunza kujua umbali kwa sauti tu. Kwenye mapaja na mabega alikaza, akawa mwepesi, na watu waliosimama kumwamkia walisema ndoa imemkubali.

Bunduki zilizidi. Kila aliyeuza mahindi alinunua. Zilining'inizwa sebuleni juu ya televisheni, zikatandikwa chini ya magodoro, na mafuta ya kufutia yakapanda bei dukani kwa wifi.

Jioni moja, kwenye njia ya machimbo, jua likiwa limeshazama na mbingu bado nyeupe, Mama Kipimo aliona mtu mbele yake. Alikuwa mwanamke mnene aliyevaa gauni la kanisani, viatu vya kisigino mkononi, mkoba umening'inia begani. Alitembea bila haraka, bila kutazama nyuma. Alipomkaribia akamtambua: alikuwa mke wa mwenyekiti.

"Habari za jioni, mama," alisema Mama Kipimo.

"Nzuri tu. Za maziwa?"

"Salama. Unakwenda mbali?"

"Sijajua bado." Walikwenda hatua chache sambamba. Nyuma yao mivumo ilikuwa miwili, mmoja mzito na mmoja mwembamba. "Nilikuwa nimetoka kuanua nguo," alisema mke wa mwenyekiti. "Amesema alidhani mwizi."

"Usitembee katikati ya barabara," alisema Mama Kipimo. "Tembea kwenye majani, miguu haichoki upesi. Na ukisikia imenyamaza, usidhani imelala. Ipo ndani ya kitu."

"Ahsante."

"Na chai usiikatae. Kunywa nusu."

Walipofika njia panda waliwakuta wengine wawili, mke wa mfugaji wa juu na binti aliyeolewa juzijuzi, hina bado mikononi. Hapakuwa na maswali. Walisogeana ili njia iwatoshe, wakaendelea wakizungumza juu ya bei ya pumba, na nyuma yao hewa ilivuma kama mzinga.

Kwenye baraza la nyumba ya mwisho, mwanamume mmoja alikuwa zamu, bunduki magotini. Aliposikia nyayo aliwamulika kwa tochi, uso mmoja mmoja, mpaka akawatambua wote. Akashusha tochi, akainua mkono kuwaamkia.

"Piteni tu, mama zangu, msiogope," alisema. "Siku hizi huku ni salama."